Macho Yanayongoja

Kila mche una macho mengi kuliko matawi. Chukua mche wowote ulio karibu nawe, uwe wa mbaazi, wa mkahawa au wa mchungwa, ukautazame kwa makini pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina. Kwapani mwa kila jani utaona kinundu kidogo cha kijani, pengine kidogo kama kichwa cha pini. Hicho ndicho wakulima wetu wanachokiita jicho. Ndani ya kila jicho limekunjwa tawi zima: shina lake, majani yake, hata na macho ya matawi yatakayofuata. Lakini macho mengi hayafumbuki. Hukaa majuma na miezi, na katika miti mikubwa hata miaka, yakiwa mabichi na hai, lakini hayakui. Jicho la kileleni peke yake ndilo linalosonga mbele.

Kisha aje mbuzi aitafune ile ncha ya juu, au mtoto aipitishie fimbo. Kabla juma halijaisha, macho yaliyokuwa kimya yataanza kuvimba, na mahali palipokuwa na shina moja patakuwa na matawi mawili, matatu au zaidi. Waswahili wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui mahali methali hiyo inapotimia kwa wazi zaidi kuliko katika mche uliokatwa kichwa.

Nani basi aliyeyanyamazisha macho hayo, na nani aliyeyaamsha? Swali hili linaonekana dogo, la kujifurahisha watu wenye nafasi. Hata hivyo limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja, na majibu yao yamebadilika mara kadhaa. Nalisimulia hapa kwa sababu sehemu kubwa ya jibu haikupatikana kwa waliokuwa wakilitafuta. Ilikuwa imelala miaka mingi mikononi mwa watu wengine kabisa, waliokuwa wakipigana na gugu linaloharibu mashamba ya mahindi na mtama, gugu ambalo wakulima wa kandokando ya Ziwa Viktoria wanalijua mno.

Tuanze na kisu, maana kisu kilitangulia maabara. Mchai ukiachwa ukue utakavyo huwa mti wa meta kumi na zaidi. Ule uwanja wa kijani ulio sawa kama zulia tunaouona Kericho, Mufindi au Usambara ni msitu uliokatazwa kurefuka. Wajerumani walipojaribu kilimo cha chai pale Amani, na walowezi walipopanda michai ya kwanza ya Kenya huko Limuru mwaka 1903, walikuja na ujuzi ambao Wachina na Wahindi walikuwa nao zamani: mpogoe mchai ungali mchanga, uukate tena na tena, nao utapanuka badala ya kupanda juu. Kila mara mchumaji anapochuma majani mawili na chipukizi lake, anaondoa kilele kimoja na kuyapa nafasi macho ya chini yake. Mavuno ya juma lijalo yanatokana na kukatwa kwa leo. Mwenye mkahawa naye hukata kilele cha mche wake ili apate mashina mawili au matatu ya kuzalia. Watu hawa wote walijua kwamba kilele huyazuia macho ya chini. Walichokuwa hawajui ni jinsi kinavyoyazuia, kwa maana kilele hakina mkono wala sauti.

Mtu wa kwanza kuelekea kwenye jibu hakuwa akiwaza matawi hata kidogo. Charles Darwin, katika uzee wake, alishughulikia mwendo wa mimea pamoja na mwanawe Francis, na mwaka 1880 wakatoa kitabu juu ya jambo hilo. Walichukua miche ya nyasi ambazo mbegu zake hulishwa ndege wa kanari. Mche wa nyasi unapochomoza huwa umevikwa ala, mfano wa kisu kilichomo kwenye ala yake, na ala hiyo huinamia upande wa mwanga. Baba na mwana waliifunika ncha ya ala kwa vikofia vidogo visivyopitisha mwanga. Mche haukuinama. Walipoiacha ncha wazi na kuifunika sehemu ya chini, mche uliinama kama kawaida. Jambo la ajabu ni kwamba mahali panapoinama si ncha, ni chini yake. Ncha ndiyo inayoona, na chini ndiko kunakotii. Darwin akahitimisha kwamba kuna taarifa fulani inayoshuka kutoka juu.

Taarifa hiyo ilikuwa nini? Mdenmarki Peter Boysen Jensen, kati ya miaka ya 1910 na 1913, aliikata ncha, akaweka utando mwembamba wa jelatini juu ya kisiki, kisha akairudisha ncha mahali pake. Mche ukainama. Kwa hiyo taarifa iliweza kuvuka mahali palipokatwa, jambo lisilowezekana kama ingekuwa inapita katika nyuzi zilizo hai tu. Mwaka 1919 Mhangaria Árpád Paál alionyesha kwamba ncha ikirudishwa upande mmoja tu wa kisiki, mche huinama hata gizani. Ilibaki mtu wa kuikamata taarifa yenyewe mkononi.

Mtu huyo alikuwa kijana Mholanzi, Frits Went, aliyefanya kazi Utrecht katika maabara iliyoongozwa na baba yake mzazi. Mwaka 1926 alikata ncha za miche ya nafaka ya oti, akazisimamisha juu ya kibao cha ute wa mwani ulioganda, akaziacha kwa saa chache, kisha akazitupa. Akakikata kile kibao vipande vidogo, na kuviweka upande mmoja wa miche isiyo na vichwa. Miche ikainama kana kwamba ncha zimerudi. Ncha hazikuwapo, lakini kitu kilichotoka katika ncha kilikuwa kimehamia kwenye ule ute. Went alipima pembe ya kuinama, na kwa pembe hiyo akaweza kukadiria wingi wa kitu hicho. Alitangaza kazi yake mwaka 1928. Kitu hicho baadaye kikaitwa oksini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukua.

Kukijua kwa kemia kulileta vituko vyake. Oksini ndani ya mche ni kidogo mno, kwa hiyo mkemia Fritz Kögl na wenzake wa Utrecht waliitafuta mahali pasipotarajiwa: katika mkojo wa watu. Mwaka 1934 walipata humo asidi ya indoli-asetiki, ambayo mpaka leo ndiyo oksini kuu ya mimea. Lakini kabla ya hapo walikuwa wametangaza oksini nyingine mbili, wakazipa na ramani zake za kemia, na dunia ikazipokea. Hakuna aliyeweza kuzipata tena. Mwaka 1966 masalio ya dawa za maabara ile yalipochunguzwa upya, ikadhihirika kwamba vitu vile havikuwa vile vilivyotajwa. Kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu vya wanafunzi vilikuwa vimefundisha vitu visivyokuwapo. Nalitaja hili ili msomaji asije akadhani kwamba njia ninayomwonyesha ilikuwa imelimwa vizuri toka mwanzo.

Sasa tunarudi kwenye macho yetu. Mwaka 1933, huko Pasadena katika jimbo la California, Mwingereza Kenneth Thimann na kijana wa Kiswidi Folke Skoog waliuliza: je, oksini inayotoka kileleni ndiyo inayoyanyamazisha macho? Skoog, kwa kumtambua tu, alikuwa mwanariadha pia, na mwaka mmoja nyuma alikuwa ameikimbilia Uswidi meta 1,500 katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Walichukua miche ya faba, yale maharagwe makubwa ya Ulaya, wakaikata vilele. Macho yakaamka, kama kila mkulima ajuavyo. Kisha katika mche mwingine wakaweka juu ya kisiki kipande chenye oksini, na kila kilipoisha nguvu wakabadilisha. Mche ule haukuwa na kilele, ila ulikuwa na kile kitolewacho na kilele. Macho yakaendelea kulala.

Jambo likaonekana limekwisha. Kilele kinatoa amri, amri inashuka, walio chini wanatii. Wataalamu wakaliita utawala wa kilele, na jina hilo limebaki hadi leo. Lakini jibu lilikuwa na mwiba ndani yake. Oksini ni kikuzaji. Ndiyo inayorefusha shina. Ikoje basi ikuze hapa na izuie pale? Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Oksini inayotoka kileleni husafiri upande mmoja tu, kushuka, kwa mwendo wa kiasi cha sentimeta moja kwa saa. Hupita katika shina kama maji ya mto yapitavyo bila kuingia katika vijito vya pembeni. Waliokuja kuitia alama ya mnururisho ili waifuate njiani waliona haiingii ndani ya yale macho inayoyazuia. Mwaka 1937 Robert Snow wa Oxford, akitumia njegere zenye mashina mawili, alikwisha kuonyesha kwamba katazo lingeweza kupanda hata kwenye chipukizi ambalo oksini haikuwa na njia ya kulifikia. Kwa hiyo palikuwa na tarishi wa pili. Mfalme hakuwa akienda mwenyewe mlangoni mwa raia, alikuwa na mtu anayemtuma. Tarishi huyo alitafutwa kwa miaka sabini.

Katikati ya msako huo alipatikana mwingine ambaye kazi yake ni kinyume. Skoog alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Wisconsin, akitafuta kitu kinachofanya chembe hai za tumbaku zigawanyike. Mwenzake Carlos Miller alijaribu chupa kuukuu ya DNA iliyotokana na shahawa za samaki aina ya heringi, nayo ikafanya kazi vizuri ajabu. Waliponunua chupa mpya, haikufanya lolote, mpaka ilipopikwa kwa mvuke mkali na kuharibika kama ile ya zamani. Mwaka 1955 wakakitenga kitu hicho na kukiita kinetini. Mwaka 1957 walionyesha kwamba oksini ikizidi kinetini, nyama ya mmea iliyo ndani ya chupa huota mizizi. Kinetini ikizidi oksini, huota machipukizi. Mwaka 1958 Thimann na Margaret Wickson walikitumia katika njegere, na macho yaliyokuwa yakizuiwa na oksini yakaamka. Mwaka 1963 David Letham, huko New Zealand, alipata ndugu wa kinetini aliye katika mimea yenyewe, ndani ya punje changa za mahindi, akaitwa zeatini kwa jina la kisayansi la mahindi. Kundi hili zima tunaliita saitokinini. Nyingi hutengenezwa mizizini na kupanda juu na maji, na palipo na oksini nyingi mmea hupunguza kutengeneza saitokinini. Basi jicho lilionekana kusikiliza pande mbili: juu wanaliambia lala, chini wanaliambia amka. Hata hivyo hesabu haikutimia. Palikuwa na sauti nyingine iliyotoka chini, nayo ilisema lala.

Hapa hatuna budi kuuacha mche na kwenda kwenye lile gugu.

Sisi tunaliita kiduha, na wataalamu wanaliita Striga. Waingereza wamelipa jina la gugu la wachawi, na aliyewahi kuona shamba lililovamiwa hatashangaa. Mahindi yanadumaa na kupauka kana kwamba yana kiu hata kama mvua imenyesha, kisha baada ya majuma kadhaa, chini yake, linatokeza gugu zuri la maua ya zambarau. Madhara yalianza muda mrefu kabla halijaonekana. Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu, na huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja. Hazioti kwa mvua peke yake. Huota pale tu zinapopata harufu, kama naweza kuiita hivyo, ya mzizi wa nafaka ulio karibu. Kimzizi cha kiduha hujishika kwenye mzizi huo, hujipenyeza ndani, na kuanzia hapo maji na chakula cha mahindi ni cha mgeni. Kutoka Nyanza hadi nchi za Saheli, kuna wakulima walioyaacha mashamba yao kwa sababu ya mmea huu.

Gugu hilo lilitambuliwa huko Carolina, nchini Marekani, mwaka 1956, na serikali ikashtuka. Mashamba yakawekwa karantini, fedha zikatolewa, wakemia wakaitwa. Mwaka 1966 C. E. Cook na wenzake walitangaza kwamba wamekipata kitu kinachoziamsha mbegu za kiduha. Walikitoa katika mizizi ya pamba, ambayo huziamsha mbegu hizo lakini yenyewe haishambuliwi. Wakakiita strigoli. Ndugu zake wengine wakapatikana baadaye, na ukoo wote ukaitwa strigolaktoni. Wamarekani waliweza pia kupuliza gesi ya ethilini ndani ya udongo, mbegu zikaota pasipo na mahindi na kufa njaa, na kwa miaka mingi ya kazi na gharama eneo lenye gugu likabaki sehemu ndogo sana. Gharama hizo mkulima wa eka mbili hazimudu.

Lakini jambo moja halikuingia akilini. Kwa nini mmea utengeneze, kwa jasho lake, kitu cha kumwita adui? Swali hilo lilikaa bila jibu karibu miaka arobaini. Jibu lilitoka Japani mwaka 2005, pale Kohki Akiyama na wenzake walipoonyesha kwamba strigolaktoni huwaita marafiki. Udongoni kuna kuvu wanaoishi na mizizi ya mimea mingi. Kuvu hao hueneza nyuzi zao mbali, huleta fosfeti kwenye mzizi, na hulipwa sukari. Zinapohisi strigolaktoni, nyuzi zao huchanua matawi kuelekea kwenye mzizi. Mwito huo ni wa kale mno, na kiduha hakufanya lolote ila kujifunza kuusikiliza. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tuongeze kwamba huja kwa jina lile lile ulilomwitia ndugu yako.

Wakati huo huo, katika maabara nyingine, wale wa macho na matawi walikuwa wakiendelea na msako wao. Walikuwa na miche yenye kasoro za kinasaba ambayo iliota matawi kupita kiasi: njegere huko Australia na Ufaransa, petunia huko New Zealand, mmea mdogo wa Arabidopsis huko Uingereza, na mpunga huko Japani. Katika miaka ya 1990 Christine Beveridge na wenzake walifanya jambo ambalo mwenye bustani ya michungwa angelielewa bila kufundishwa: walibebesha. Walichukua sehemu ya juu ya njegere yenye matawi mengi, wakaibebesha juu ya mizizi ya njegere ya kawaida. Matawi ya ziada yakatoweka. Mizizi mizima ilikuwa ikipeleka juu kitu ambacho mmea wenye kasoro haukuweza kukitengeneza, na kitu hicho kiliyalaza macho. Hakikuwa oksini, kwa sababu oksini haipandi. Hakikuwa na jina.

Mwaka 2008 makundi mawili, moja la Wafaransa na Waaustralia na jingine la Wajapani, yalitangaza jibu katika toleo moja la jarida la Nature. Ile miche yenye matawi mengi ilikuwa na upungufu wa strigolaktoni. Ukiipa tone la strigolaktoni, macho hulala. Kitu kilichotafutwa na watu wa matawi toka siku za Snow kilikuwa kimekwisha kupatikana mwaka 1966 na watu wa magugu, kikiwa na jina na ramani yake ya kemia, na kwa miaka 42 hapakuwa na mtu aliyejua kwamba ni kitu kimoja. Nadhani haya ndiyo mambo yanayostahili kufikiriwa zaidi kuliko ugunduzi wenyewe. Waliokuwa wakitafuta hawakuwa wajinga, na waliokuwa nacho hawakukificha. Walisoma majarida tofauti, walihudhuria mikutano tofauti, na mmea mmoja wakaugawana, huyu juu ya ardhi na huyu chini ya ardhi, mfano wa ndugu waliogawana shamba kisha wasitembeleane.

Ukiviweka vipande hivi pamoja, inaonekana hekima ambayo kipande kimoja hakiwezi kuionyesha. Mzizi unapokosa fosfeti, hutengeneza strigolaktoni kwa wingi zaidi. Sehemu inatoka nje kwenda udongoni kuwaita kuvu wasaidizi. Sehemu inapanda juu kuyaambia macho yangoje, kwa maana mwaka huu hakuna akiba ya kulisha matawi mengi. Neno moja linabeba ujumbe wa aina mbili: nje linaomba msaada, ndani linaagiza kubana matumizi. Jicho lililonyamaza kwapani mwa jani linatii hesabu iliyofanywa mizizini kuhusu udongo ambao lenyewe halijawahi kuugusa.

Na hapo ndipo maafa ya mkulima maskini yanapoeleweka. Shamba lililochoka, lililolimwa miaka mingi bila samadi wala mbolea, ndilo lenye mimea inayoita kwa sauti kubwa zaidi. Kiduha husikia. Ndiyo maana gugu hili limekuwa siku zote rafiki wa udongo dhaifu, na linamwendea yule aliye na uwezo mdogo wa kulipinga. Wazee waliosema kiduha ni alama ya ardhi iliyochoka walisema kweli, na kemia imekuja kuwaunga mkono.

Mahindi yenyewe yana historia yake ya ukimya. Yametokana na nyasi ya Meksiko iitwayo teosinte, yenye matawi mengi kama kichaka. Wakulima wa huko, waliokuwa wakichagua mbegu toka yapata miaka elfu tisa iliyopita, waliipendelea mimea yenye shina moja na magunzi machache makubwa. Mwaka 1997 John Doebley na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na jeni moja, ambayo katika mahindi imeongezwa nguvu ya kuyalaza macho. Kila bua la hindi lililosimama wima shambani kwetu ni kazi ya watu wasiojua kusoma neno homoni, lakini waliojua ni mmea upi wa kuuweka mbegu.

Tusidhani kwamba habari imeishia hapo. Mwaka 2014 kundi la Beveridge lilionyesha jambo linalomrudisha msomaji karibu mwanzo wa safari. Katika mche mrefu wa njegere, ukikata kilele, macho ya mbali chini huanza kuvimba baada ya saa chache tu. Oksini kwa mwendo wake wa sentimeta moja kwa saa isingeweza kuwa imekwisha kupungua huko. Kilichofika mapema ni sukari. Kilele ni mlaji mkubwa, na kinapoondolewa chakula kilichokuwa kikienda kwake husambaa kwa wengine. Walipoongeza sukari katika shina, macho yalianza kukua hata bila kilele kukatwa. Kwa hiyo amri ya kwanza ya kuamka ni chakula kufika mlangoni. Oksini, saitokinini na strigolaktoni huja kuamua jicho lipi litaendelea na lipi litarudi kulala.

Jina la utawala wa kilele lilibuniwa na watu walioona mfalme na raia. Sitaki kuibebesha mimea siasa zetu, kwa kuwa mche hauna dhuluma wala uchaguzi. Lakini ni vizuri kutambua kwamba picha ya mfalme haikutosha. Kadiri walivyochunguza, ndivyo amri ya mmoja ilivyogeuka kuwa mashauri ya wengi: ncha inasema, mizizi inasema, udongo unasema kwa kinywa cha mizizi, na akiba ya sukari inasema kuliko wote. Jicho husikiliza yote hayo ndipo likaamua. Aliyeliona limenyamaza akalidhania limekufa, au halina uwezo, hakujua lilikuwa likisikiliza nini.

Wapo waliokwisha kuyageuza maarifa haya kuwa chakula. Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alitumia miaka mingi kuzalisha mtama unaomshinda kiduha, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mwaka 2017 yeye na wenzake walieleza siri ya baadhi ya mitama hiyo: mizizi yake haikuacha kuita, ila imebadilisha aina ya strigolaktoni inayoitoa, ikawa ile ambayo mbegu za kiduha haziisikii vizuri. Pale Mbita, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, watafiti wa ICIPE waliokuwa wakitafuta njia ya kuwazuia funza wa mabua walipanda desmodiamu katikati ya mahindi, wakaona kwamba kiduha nacho kimepungua sana. Mmea huo wa jamii ya kunde huongeza pia naitrojeni udongoni. Na samadi, ile dawa ya kale kuliko zote, ina maana mpya sasa: udongo ulioshiba una mizizi isiyopiga kelele.

Mkulima atakayesimama mbele ya mahindi yake yaliyodumaa hana haja ya kuyajua majina haya ya Kigiriki na Kilatini. Anachostahili kujua ni kwamba ugonjwa anaouona juu una shina lake chini, katika njaa ya ardhi yenyewe, na kwamba jembe moja la samadi huzungumza na kila jicho la kila mmea shambani mwake. Waliotafuta jambo hilo kwa miaka mia moja na zaidi walilipata vipande vipande, kwa oti na njegere, kwa mkojo na shahawa za samaki, kwa pamba ya Carolina. Imebaki kazi ya kulifikisha pale linapohitajiwa.